Volkano za Siberia na joto lililokaribia kuufuta uhai duniani

Takriban miaka milioni 252 iliyopita, muda mrefu kabla ya dinosauri wa kwanza kutembea juu ya ardhi, sehemu kubwa ya viumbe wa baharini na wa nchi kavu ilitoweka katika muda ambao, kwa hesabu za wanajiolojia, ni mfupi mno. Maafa hayo ndiyo makubwa kuliko yote kati ya maangamizi makuu matano ya viumbe yanayojulikana kutokana na kumbukumbu za miamba.

Zaidi ya aina 8 katika kila aina 10 za viumbe wa baharini zilipotea, na baadhi ya makadirio hufikia 9 au zaidi katika kila 10. Katika nchi kavu, inakadiriwa kwamba aina 7 hivi katika kila 10 za wanyama wenye uti wa mgongo hazikuonekana tena.

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kuhusu chanzo cha maafa hayo. Leo wengi wao wanakubaliana kwamba yalianzia Siberia, katika volkano kubwa zilizolipuka wakati huohuo. Hata hivyo, jibu hilo linazaa swali jingine. Lava ya Siberia ilifunika Siberia peke yake. Iliwezaje basi kuwaua viumbe wa bahari ya China, misitu ya Australia na wanyama wa kusini mwa Tanzania ya leo?

Dunia ya bara moja

Enzi iliyofikia kikomo kwa maafa hayo huitwa Permi, na iliyofuata huitwa Triasi. Wakati huo mabara yote yalikuwa yameungana na kuwa bara moja kuu liitwalo Pangaea, lililozungukwa na bahari moja kubwa. Afrika ilikuwa imebanana na Amerika ya Kusini, India, Antaktika na Australia katika upande wa kusini wa bara hilo.

Katika mabonde yenye majimaji ya enzi ya Permi, mimea ilistawi, ikafa na kufukiwa kizazi baada ya kizazi. Mabaki yake yaligeuka polepole kuwa makaa ya mawe. Makaa yanayochimbwa leo Moatize nchini Msumbiji, na yale ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira nchini Tanzania, yalitokana na mimea ya enzi hiyo. Siberia nayo ilikuwa na makaa yake ardhini, pamoja na mafuta, chumvi na mawe ya chokaa yaliyorundikana tangu enzi za kale zaidi. Hazina hiyo ya ardhini ndiyo iliyokuja kuwa sehemu kuu ya msiba.

Ngazi za Siberia

Volkano za Siberia hazikuwa milima ya pia kama Kilimanjaro au Ol Doinyo Lengai. Ardhi ilipasuka na kufanya nyufa ndefu, na lava nyepesi ikabubujika na kutapakaa kama mafuriko. Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, waliona mfano mdogo wa jambo hilo mwezi Januari 2002, pale lava ya mlima Nyiragongo ilipotoka katika nyufa za ubavuni na kuingia mjini. Mwaka 1783 nchini Iceland, ufa wa Laki wenye urefu wa kilomita 27 hivi ulitoa lava kwa muda wa miezi minane. Gesi zake ziliua mifugo, na njaa iliyofuata ikaangamiza takriban mtu mmoja kati ya kila watano nchini humo.

Tukio la Laki lilitoa lava ya kilomita za ujazo 14 hadi 15. Miamba iliyotokana na magma ya Siberia inakadiriwa kuwa na ujazo wa kilomita milioni 3 au zaidi. Kiasi hicho kingeweza kulijaza Ziwa Tanganyika zaidi ya mara 150. Eneo lililoguswa na magma hiyo, juu na chini ya ardhi, linakadiriwa kuwa kilomita za mraba milioni 5 au zaidi, yaani zaidi ya Tanzania mara tano.

Karibu na mji wa Norilsk, kaskazini mwa Urusi, tabaka za lava zimepangana hadi kufikia unene wa kilomita 3 na zaidi. Miamba ya magma ya eneo hilo ina akiba kubwa ya madini ya nikeli na shaba yanayochimbwa mpaka leo. Katika nyanda za juu za Putorana, tabaka hizo huonekana kama vidato katika ubavu wa milima. Kutokana na umbo hilo, wanajiolojia huiita miamba ya namna hii kwa jina lenye asili ya neno la Kiswidi linalomaanisha ngazi.

Saa iliyomo ndani ya jiwe

Ili kuhusisha volkano na vifo vya viumbe, wataalamu walihitaji kwanza kuthibitisha kwamba mambo hayo mawili yalitokea kwa wakati mmoja. Msaada ulitoka katika chembe ndogo za madini yaitwayo zirkoni, yanayopatikana katika majivu ya volkano na katika baadhi ya miamba ya magma.

Zirkoni inapojiumba ndani ya magma huingiza urani kidogo, lakini huikataa risasi. Urani hugeuka kuwa risasi kwa kasi isiyobadilika. Kwa hiyo, mtu akipima uwiano wa urani na risasi ndani ya chembe hiyo hupata umri wake, kama vile anayepima mchanga uliokwisha dondoka katika saa ya mchanga.

Katika machimbo ya mawe ya Meishan, mkoani Zhejiang nchini China, tabaka za mawe ya chokaa zenye visukuku vya viumbe wa baharini zimechanganyika na tabaka nyembamba za majivu. Mwaka 2001 mahali hapo palichaguliwa rasmi kuwa kipimo cha kimataifa cha mpaka kati ya Permi na Triasi. Mwaka 2014 Seth Burgess, Samuel Bowring na Shuzhong Shen walitangaza matokeo ya vipimo vyao: wimbi kuu la vifo vya baharini lilianza takriban miaka milioni 251.94 iliyopita, na lilidumu kwa kadiri ya miaka 60,000. Muda huo ni mrefu kwa binadamu, lakini katika umri wa dunia wa miaka bilioni 4.5 ni kama kupepesa jicho.

Magma ilipokutana na makaa na chumvi

Vipimo vya namna hiyohiyo vilipofanywa Siberia vilifichua jambo ambalo halikutarajiwa. Lava ilikuwa imeanza kumwagika kwa wingi takriban miaka 300,000 kabla ya wimbi kuu la vifo vya baharini. Ikiwa lava yenyewe ndiyo iliyoua, kwa nini viumbe wa bahari walistahimili muda wote huo?

Mwaka 2017 Burgess na wenzake walitoa maelezo yafuatayo. Lava iliyotangulia ilirundikana juu ya ardhi na kuwa kama kifuniko kizito. Magma iliyofuata ilishindwa kupanda kwa urahisi, ikajipenyeza kwa ubavu kati ya tabaka za chini na kuganda humo kama mabamba makubwa. Umri wa mabamba ya kwanza ya aina hiyo unakaribiana sana na tarehe ya kuanza kwa maangamizi.

Kule chini, magma hiyo yenye joto la zaidi ya nyuzi joto 1,000 iliyapika makaa ya mawe, mafuta, mawe ya chokaa na chumvi. Makaa na mafuta yalitoa methani na hewa ukaa. Chokaa nayo ilitoa hewa ukaa, ilhali chumvi ilitoa gesi zenye klorini na bromini, ambazo zina uwezo wa kuharibu tabaka la ozoni. Gesi zilipozidi kubanwa zilipasua miamba na kufumuka hadi angani. Katika bonde la Tunguska bado kuna mamia ya mabomba ya miamba iliyovunjikavunjika, ambayo ni makovu ya milipuko hiyo. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Linda Elkins-Tanton walieleza kwamba walikuta, ndani ya miamba ya volkano ya Siberia, vipande vya makaa na mimea iliyoungua.

Kwa maneno mengine, Siberia iliunguza akiba ya kaboni iliyokuwa imefukiwa kwa mamilioni ya miaka.

Alama za kaboni hiyo zimo katika miamba ya pande nyingi za dunia. Kaboni ya asili ina aina mbili zilizo thabiti, moja nyepesi na nyingine nzito kidogo. Mimea hupendelea ile nyepesi, na kwa sababu hiyo makaa na mafuta yana kaboni nyepesi kwa wingi. Katika miamba ya mpaka wa Permi na Triasi, kiwango cha kaboni nyepesi hupanda ghafla. Zebaki, ambayo hutolewa na volkano na vilevile na makaa yanayoungua, nayo huongezeka katika tabaka hizohizo.

Baridi fupi, joto refu

Watu wa leo wameizoea habari kwamba volkano hupoza dunia. Mlima Pinatubo nchini Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, chembe zenye salfa zilitanda angani na kuzuia sehemu ya mwanga wa jua, hata wastani wa joto la dunia ukashuka kwa takriban nusu ya nyuzi moja. Lakini chembe hizo huanguka baada ya mwaka mmoja au miwili.

Hewa ukaa haina tabia hiyo. Ikishaingia angani, sehemu yake hubaki kwa maelfu ya miaka. Volkano zinapoendelea kuitoa kwa wingi bila kupumzika, baridi hupita na joto hubaki, tena likiongezeka tone kwa tone. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia visukuku vya mimea kutoka kusini magharibi mwa China, ulikadiria kwamba hewa ukaa iliongezeka kutoka kiasi cha sehemu 426 hadi sehemu 2,500 hivi katika kila sehemu milioni za hewa, katika muda wa miaka 75,000 hivi.

Mwaka 2012 Yadong Sun na wenzake walipima oksijeni iliyohifadhiwa katika meno madogo mno ya viumbe wa kale waitwao konodonti. Matokeo yalionyesha kwamba mwanzoni mwa Triasi maji ya juu ya bahari za ukanda wa ikweta yalifikia kiasi cha nyuzi joto 40. Katika joto la namna hiyo, wanyama wengi wa baharini hawawezi kuishi. Katika ukanda huo visukuku vya samaki wa wakati huo ni adimu.

Bahari bila pumzi

Joto liliwaua viumbe wa baharini kwa njia zaidi ya moja. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na wakati huohuo mwili wa mnyama uliopata joto huhitaji oksijeni zaidi. Mahitaji yalipanda huku akiba ikishuka. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Washington na Stanford nchini Marekani walitumia kompyuta kuiga bahari ya wakati huo, wakahitimisha kwamba upungufu huo wa oksijeni ukichanganyika na joto unatosha kueleza zaidi ya nusu ya vifo vya baharini.

Tatizo jingine lilikuwa tindikali. Hewa ukaa inapoyeyuka katika maji ya bahari huyafanya yaelekee utindikali, na viumbe wanaojenga magamba na mifupa ya chokaa hupata taabu. Ushahidi wa jambo hili ulitoka Ghuba. Katika milima ya Musandam, ambako Oman inapakana na Umoja wa Falme za Kiarabu, kuna mawe ya chokaa yaliyojijenga chini ya bahari ya kina kifupi wakati wa maafa hayo. Mwaka 2015 kundi la watafiti wakiongozwa na Matthew Clarkson lilipima elementi ya boroni katika mawe yaliyochukuliwa upande wa Falme za Kiarabu. Lilikuta dalili za ongezeko kali la tindikali lililodumu kwa takriban miaka 10,000, katika awamu ya mwisho ya maangamizi.

Waliopotea ni pamoja na trilobiti, waliokuwa wameishi baharini kwa zaidi ya miaka milioni 250, na jamii zote za matumbawe ya kale. Matumbawe ya leo, yakiwemo yale ya Mafia, Pemba na Lamu, ni ya jamii nyingine iliyojitokeza baadaye katika Triasi.

Mashahidi wa Ruhuhu

Katika nchi kavu, maafa hayakushuka kila mahali kwa siku moja. Huko Australia, misitu ya mimea iitwayo Glossopteris ilianguka mamia ya maelfu ya miaka kabla ya wimbi kuu la vifo vya baharini. Baada ya hapo, kwa takriban miaka milioni 10, hakuna makaa ya mawe yaliyojijenga popote duniani, kwa kuwa mimea ya kuyatengeneza ilikuwa imetoweka.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya mambo hayo katika bonde la mto Ruhuhu, kusini magharibi mwa Tanzania, karibu na Ziwa Nyasa. Chini kuna tabaka za makaa. Juu yake kuna miamba ya mwisho wa Permi, yenye mifupa ya wanyama wala nyama wenye meno marefu waitwao gorgonopsia, na ya wanyama wala majani wenye midomo kama ya kobe na meno mawili ya pembe. Juu zaidi kuna tabaka za Manda, za enzi ya Triasi, na huko gorgonopsia hawapo tena.

Mwaka 2013 Christian Sidor wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walilinganisha visukuku vya Tanzania, Zambia, Malawi, Afrika Kusini na Antaktika. Waliona kwamba kabla ya maafa, wanyama wa aina zilezile walienea katika sehemu kubwa ya kusini mwa Pangaea. Miaka milioni 10 hivi baadaye, kila eneo lilikuwa na wanyama wake. Maangamizi yalikuwa yamevunja utaratibu wa zamani na kuacha nafasi wazi.

Walioijaza nafasi hiyo ni pamoja na mnyama aliyegunduliwa Manda na kupewa jina mwaka 2010: Asilisaurus kongwe. Jina hilo limeunganisha neno la Kiswahili "asili" na neno la Kigiriki la mjusi, likamaliziwa kwa "kongwe". Mnyama huyo ni ndugu wa karibu wa dinosauri. Bila maafa ya Permi, huenda ukoo wake usingepata nafasi ya kutawala.

Si kila volkano huangamiza

Ukubwa wa volkano peke yake hauelezi idadi ya vifo. Miaka milioni 30 hivi iliyopita, lava iliyofurika Ethiopia na Yemen ilirundikana mahali pengine kwa unene unaokaribia kilomita 2, na nyanda za juu za Ethiopia ni mabaki yake. Hata hivyo, hakuna maangamizi makuu yaliyotokea.

Kwa upande mwingine, kumwagika kwa lava katika eneo la kati la Atlantiki, takriban miaka milioni 201 iliyopita, kulikwenda pamoja na maangamizi ya mwisho wa Triasi. Miaka milioni 183 iliyopita, magma iliyojenga milima ya Drakensberg nchini Lesotho na Afrika Kusini ilipika miamba yenye kaboni nyingi, na bahari za wakati huo zikakumbwa na joto na ukosefu wa oksijeni. Miaka milioni 56 iliyopita, magma iliyopenya chini ya bahari kati ya Norway na Greenland inahusishwa na ongezeko la joto la nyuzi 5 hivi.

Mambo mawili hujirudia katika matukio hayo. La kwanza ni aina ya miamba ambayo magma hukutana nayo njiani. La pili ni kasi. Dunia ina njia ya kuisafisha hewa yake: mvua huyeyusha miamba polepole, na kaboni hupelekwa na mito hadi baharini, ambako hugeuka kuwa chokaa. Kazi hiyo huchukua mamia ya maelfu ya miaka. Kaboni ikija polepole, dunia huimudu. Ikija kwa kishindo, humwelemea kila aliye hai.

Hata baada ya volkano za Siberia kupungua nguvu, joto kali lilidumu kwa takriban miaka milioni 5. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 unaeleza kwamba kufa kwa misitu ya ukanda wa joto kulichangia hali hiyo, kwani mimea iliyokuwa ikivuta hewa ukaa haikuwepo tena.

Kaboni ya leo

Mlingano kati ya wakati huo na wa sasa una mipaka yake. Jumla ya kaboni iliyotoka Siberia ilizidi mara nyingi ile ambayo binadamu ameshaitoa, na mabara na bahari havikuwa kama vya leo. Hakuna mwanasayansi anayedai kwamba maafa ya Permi yako mlangoni.

Lakini kasi ni suala jingine. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ilikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ukaa katika kila milioni. Mwaka 2024 wastani ulizidi 420. Kuchoma makaa, mafuta na gesi hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ukaa kwa mwaka, ilhali volkano zote za dunia ya sasa kwa pamoja hazifikii hata sehemu moja kwa mia ya kiasi hicho. Makadirio mengi ya wastani wa utoaji wa kila mwaka wakati wa maafa ya Permi yako chini ya kiwango cha sasa.

Siberia ilihitaji magma kuyafikia makaa yaliyofukiwa. Leo makaa ya enzi hiyohiyo ya Permi yanafikiwa kwa mashine za uchimbaji, na kupakiwa katika malori, treni na meli. Magma haikuwa na hiari ya kuyaacha ardhini.